Arc de Triomphe: Fika Alasiri, Ondoka Baada ya Mwenge

Magari hayaishi kuizunguka Place Charles de Gaulle, uwanja wa Paris zinapokutana barabara kuu 12. Mgeni asithubutu kuyakatiza ili kuifikia Arc de Triomphe, tao lililo katikati. Ipo njia ya chini ya ardhi, na mlango wake uko upande wa Champs-Élysées. Kituo cha karibu ni Charles de Gaulle–Étoile, kinachofikiwa kwa metro namba 1, 2 na 6 na kwa treni ya RER A.

Afike alasiri, ili saa 12:30 jioni imkute bado yupo.

Mtawala Napoleon aliagiza tao hili mwaka 1806, baada ya ushindi wake katika vita vya Austerlitz, kwa ajili ya kulitukuza jeshi lake. Hakuliona limekamilika. Alifia uhamishoni mwaka 1821, na tao likazinduliwa 1836, enzi za mfalme Louis-Philippe. Mwaka 1840 jeneza la Napoleon lilipitishwa hapo likitoka Saint Helena, kisiwa alikofia.

Kabla ya kupanda, atazame nguzo ya kulia kutoka Champs-Élysées. Hapo ndipo ilipo kazi ya mchongaji François Rude inayoonyesha watu waliojitolea kuilinda Ufaransa mwaka 1792. Kwenye kuta za ndani yamechongwa majina ya makamanda; yaliyopigiwa mstari ni ya waliouawa vitani.

Kusimama chini ya tao ni bure. Tiketi ni ya kupandia juu, na walio chini ya miaka 18 hawalipi. Ngazi ni 284, nyembamba na za kuzunguka, hivyo viatu vya kutembelea vinafaa zaidi. Juu, urefu wa mita 50 hivi, Champs-Élysées inaonekana imenyooka hadi Place de la Concorde. Upande wa pili ni maghorofa ya La Défense.

Kisha ashuke mapema. Chini ya tao amezikwa, tangu Januari 1921, askari wa Vita Kuu ya Kwanza asiyejulikana jina. Mwenge wa kaburi lake uliwashwa 11 Novemba 1923, na kila siku saa 12:30 jioni huchochewa upya katika hafla fupi. Tao la Napoleon mwenye jina kubwa sasa hukusanya watu kwa heshima ya asiye na jina. Kutazama hakuhitaji tiketi; kinachohitajika ni utulivu na simu iliyozimwa sauti.

Januari 1, Mei 1 na Desemba 25 hakuna kupanda. Siku za maadhimisho ya kitaifa, kama Julai 14 na Novemba 11, ratiba hubadilika, kwa hiyo saa zithibitishwe mapema.