Jinsi Wakristo Wanavyojibu Maswali Juu ya Imani Yao



Katika vijiji vya Kibiti na delta ya Rufiji wenyeji walio wengi ni Waislamu tangu enzi za mababu. Mkristo huwafikia kama mwalimu wa shule, muuguzi wa zahanati, mfanyabiashara au mfugaji aliyehamia. Tena wapo ndugu zetu waliosilimu, ambao mama zao wazazi wangali wakienda kanisani kila Jumapili. Kwa watu hawa mazungumzo ya dini ni jambo la barazani, la chomboni watokapo Nyamisati, na la msibani. Neno moja laweza kumfungua mtu moyo, na neno moja laweza kukata undugu.

Maswali ya kuwauliza Wakristo mnayo tele. Leo twataka kujifunza majibu yao. Katika chuo nilichosoma ng'ambo, mwalimu wetu hakuturuhusu kuandika hoja yetu mpaka kwanza tumeandika jibu la Mkristo kwa namna ambayo Mkristo mwenyewe angelisoma na kusema, "Naam, hivyo ndivyo tunavyoamini." Hiyo ndiyo kanuni ya somo hili.

Kuuliza ili kujua, na kuuliza ili kushinda

Mwezi wa Oktoba 2012, huko Mbagala, kwenye barabara ile ile ya Kilwa wanayopita wasafiri wa Kibiti, watoto wawili, Mwislamu na Mkristo, walibishana juu ya yatakayompata mtu akiivunjia heshima Kurani Tukufu. Yule wa Kikristo akataka kujaribu, akaikojolea. Siku chache baadaye watu wenye hasira wakashambulia makanisa na kuyachoma moto. Hapakuwa na aliyeuliza kwa nia ya kujua, wala aliyejibu kwa elimu. Kurani Tukufu yatukataza kuwatukana wale waombwao badala ya Mwenyezi Mungu, wasije waabuduo hao wakamtukana Mungu kwa ujinga (6:109, kwa hesabu inayoihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza). Nao Wakristo wameagizwa katika Waraka wa Kwanza wa Petro, 3:15, wawe tayari kumjibu kila awaulizaye sababu ya tumaini lao, tena kwa upole. Basi vitabu vyote viwili vyadai adabu.

Jua unayezungumza naye

Mto Rufiji ufikapo baharini hugawanyika mikono mingi, na nahodha asiyejua yumo katika mkono gani hupanda fungu. Kadhalika Wakristo. Ukimwuliza Shahidi wa Yehova juu ya Utatu umepoteza wakati, kwani yeye mwenyewe haukubali. Ukimlaumu Msabato kwa kula nguruwe au kuiacha Sabato, atakucheka, kwa kuwa hali nguruwe na Jumamosi aitunza. Mkatoliki atakutajia Maandiko pamoja na mapokeo ya Kanisa. Mlutheri atataka Maandiko yawe ndiyo mwamuzi. Mlokole atakueleza siku aliyookoka. Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili: "Ndugu yangu, kanisa lenu lafundishaje juu ya jambo hili?"

Njia tano za kujibu

1. Aya kwa aya. Ukisema kwamba katika Yohana 17:3 Yesu amwita Baba kuwa Mungu wa pekee wa kweli, na katika 14:28 akiri kuwa Baba ni mkuu kuliko yeye, Mkristo atakujibu kwa Yohana 1:1, 10:30 na 20:28. Usishangae, wala usidhani anakimbia. Swali lenye manufaa ni hili: aya zipi zifasiriwe kwa nuru ya zipi, na kwa kanuni gani?

2. Mafundisho ya mabaraza. Hapa atakuambia kwamba Mungu ni mmoja katika asili na nafsi ni tatu, kama walivyokiri maaskofu huko Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381. Na kwamba Yesu ana asili mbili, ya Mungu na ya mtu, kama lilivyoamua baraza la Kalkedoni mwaka 451. Kwa hiyo ukimwonyesha Marko 13:32, isemayo kuwa Mwana haijui saa ile, atasema hakuijua kwa upande wa ubinadamu wake. Anayemshitaki Mkristo kuwa aabudu miungu watatu, au kwamba Mungu alizaa kwa njia ya mwili, amshitaki kwa jambo analolikana. Muulize badala yake: je, mitume wenyewe walilijua fundisho hili kwa maneno haya, au lilikuja kufahamika baadaye?

3. Historia ya nakala. Wengi wetu hudhani kwamba Mkristo akionyeshwa kosa katika nakala za Biblia atanyamaza. Wanazuoni wao wenyewe wamekiri kwamba maneno juu ya mashahidi watatu wa mbinguni katika 1 Yohana 5:7 hayamo katika nakala za kale za Kiyunani, na kwamba Marko 16:9-20 haimo katika nakala mbili mashuhuri za kale, ya Sinai na ya Vatikano. Lakini watakuambia kuwa Utatu hawakuujenga juu ya aya hiyo moja, na kwamba wingi wa nakala ndio uliowawezesha kuligundua ongezeko lile. Jibu hili lina uzito, nawe ulikubali kadiri ya uzito wake. Kisha uliza: ikiwa maneno yaliweza kuongezwa na kusomwa kanisani kwa karne nyingi, msomaji wa kawaida ajuaje lililo la asili?

4. Ushuhuda. Huyu hana haja ya aya. Asema, "Nilikuwa mlevi, Yesu akanibadilisha." Usimdhihaki, kwani kuacha ulevi ni jambo jema popote litokeapo. Mweleze tu kwamba watu wa dini nyingine nao wana shuhuda kama hizo. Hivyo ushuhuda waonyesha badiliko la mtu, lakini hautoshi peke yake kuthibitisha kila fundisho la kanisa lake.

5. Kuligeuza swali. Mkristo aulizwapo juu ya Biblia, huuliza juu ya Kurani Tukufu. Njia hii ni ya zamani katika Kiswahili. Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyefanya kazi Unguja, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, pamoja na maelezo yenye mtazamo wa Kikristo. Miaka 30 baadaye, mwaka 1953, Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya alitoa tafsiri yake yenye maelezo marefu, ambamo hoja za mapadre zinajibiwa. Tazama faida yake: swali la mpinzani liliwafanya Waislamu wasome Kitabu chao kwa lugha yao. Basi swali likigeuzwa kwako, usikasirike. Lijibu, au sema, "Nipe wiki moja nikasome."

Je, kunyamaza ni kushindwa?

Mwaka 1960 mhubiri wa Marekani, Billy Graham, alipofika Nairobi, Sheikh Mubarak Ahmad alimwandikia akimtaka washindane kwa dua: wachaguliwe wagonjwa 30, Wazungu 10, Waasia 10 na Waafrika 10, wagawanywe kwa kura, kila upande uwaombee wake. Graham hakuukubali mwito huo. Twalisimulia jambo hili kwa furaha, na ni haki yetu. Lakini ukimsimulia Mkristo, huenda akakuelekeza Mathayo 4:7, inayokataza kumjaribu Mungu. Ni lazima ulijue jibu hilo kabla ya kusimulia. Wanahistoria wa Kiislamu wanaeleza kwamba ujumbe wa Wakristo wa Najran ulipofika Madina, Mtume Mtukufu s.a.w. aliwapokea msikitini, akawaachia wasali humo kwa namna yao, akajadiliana nao juu ya Nabii Isa a.s. Walipoitwa kwenye maapizano (3:62) hawakukubali, naye akafanya nao mkataba wa amani. Kukataa kwao hakukuwa sababu ya kuwadhalilisha.

Mfano mmoja: ishara ya Yona

Katika Mathayo 12:40 Yesu aifananisha hali yake na ya Yona, aliyekaa tumboni mwa samaki siku tatu, mchana na usiku. Sisi twauliza maswali mawili. Kwanza, tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili alfajiri zapatikanaje siku tatu na usiku wa tatu? Pili, Yona aliingia akiwa hai, akakaa hai, akatoka hai. Je, Yesu afananaje naye ikiwa alikuwa maiti kaburini?

Kwa la kwanza Mkristo hujibu kwamba Wayahudi huhesabu sehemu ya siku kuwa siku nzima, naye hutaja Esta 4:16 pamoja na 5:1. Jibu hili ni la kuridhisha kiasi, na mtu mwadilifu hatalishikilia sana swali hilo. Kwa la pili hujibu kwamba mfano ni wa muda na wa kutoka, si wa kila jambo. Tena Mathayo 16:21 yatabiri kuuawa kwake. Wengine husema Yona naye alikufa, kwa kuwa katika sala yake anataja kuzimu.

Hapo ndipo penye mzizi wa tofauti. Sisi twasema ishara ya Yona ilikuwa ni kuokolewa na mauti, na Waebrania 5:7 yasema kwamba Yesu alimwomba awezaye kumwokoa na mauti, akasikilizwa. Wao husema alisikilizwa kwa kufufuliwa. Sasa wote wawili wanajua wanakotofautiana, na msikilizaji aweza kupima mwenyewe.

Kwako uliyesilimu

Mama yako aliyekuzaa na kukulea anapokuuliza kwa nini uliiacha dini yake, hilo si swali la mjadala. Anaogopa kwamba amekupoteza. Ukimjibu kwa aya kumi atasikia kwamba umemshinda, naye atalia. Kurani Tukufu yaamrisha kukaa na wazazi kwa wema hapa duniani hata kama wanakushikilia umshirikishe Mungu, ila tu usiwatii katika hilo (31:16). Mpelekee samaki, mtibu akiugua, na akikuuliza, mjibu kidogo. Siku atakapotaka kujua zaidi, atauliza mwenyewe.

Maswali ya kujifunza

1. Mwombe jirani Mkristo akueleze Utatu. Yaandike maneno yake, kisha umsomee mpaka aseme umeandika sawa.
2. Katika hoja unazopenda kuzitumia, ni ipi ambayo hujawahi kusikia jibu lake?
3. Soma 16:126 na 29:47. Je, mazungumzo yako ya mwisho na Mkristo yalifuata amri hizo?

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na wao kwenye haki. Amin.