Shika Pembe Yako ya Godoro

Andiko: Marko 2:1–12

Habari ya mtu aliyepooza na marafiki wake wanne tumeihubiri mara nyingi. Leo tutazame lile godoro. Lilikuwa na pembe nne, na kila pembe na mtu wake. Mmoja akiachilia, mgonjwa anaanguka.

Acha niwaambie kosa langu. Kuna dada katika ushirika wetu wa nyumbani aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya barabarani. Tulifanya harambee, tukanunua kiti cha magurudumu, tukamkabidhi mbele ya kanisa, tukapiga picha. Mimi kama shemasi nilirudi nyumbani nimefurahi kweli.

Miezi mitatu baadaye nikamtembelea. Kiti kilikuwa nje, kimepangwa jerikeni za maji. Nikauliza, "Dada, mbona hukitumii?"

Akajibu kwa upole, "Shemasi, ni kipana, naegemea upande mmoja. Kilinitoa kidonda, na kwa sababu sihisi huku chini, nilijua tu nilipoona damu. Mlangoni hakipiti. Mvua ikinyesha kinazama kwa matope. Hakuna mtu aliniuliza."

Nilikosa la kusema. Tulikuwa tumeshika pembe moja tu, tukadhani tumebeba godoro lote.

1. Pembe ya mwenyewe. Bartimayo alikuwa kipofu na kila mtu aliona. Hata hivyo Yesu alimuuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Kabla ya kuchanga, uliza: unaishi wapi, mlango una upana gani, unataka kufika wapi?

2. Pembe ya mtaalamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unataja hatua 8 za kumpatia mtu kiti cha magurudumu. Kati yake ni kumpima, kumrekebishia kiti kimkae, kumfundisha kukitumia, na kufuatilia baadaye. Sisi tuliruka zote hizo. Hapa Kenya kuna watu wa kazi hii. APDK, chama kilichoanza mwaka 1958, kina karakana ya viti hivyo Nairobi.

3. Pembe ya serikali. Katiba yetu, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. Akifanyiwa uchunguzi katika hospitali ya serikali na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, anaweza kuomba msaada wa vifaa. Hiyo si sadaka, ni haki yake.

4. Pembe ya kanisa. Haki iko, lakini nauli ya kufika hospitali je? Nani atamsindikiza, nani atafuatilia zile fomu? Gurudumu likivunjika, si tuna ndugu wa kuchomelea vyuma hapa hapa kanisani?

Mtu ataniuliza, "Shemasi, kumtafutia kiti si kukosa imani ya uponyaji?" Hapana, mpendwa. Tunaendelea kumwombea. Lakini wale wanne walibeba kwanza, kabla ya muujiza. Marko anaandika kwamba Yesu aliiona imani yao. Imani ile ilikuwa na jasho.

Basi tulianza upya. Ilichukua karibu mwaka mzima. Dada alipimwa, akapata kiti kinachomtosha na mto wa kuzuia vidonda. Vijana wakapanua mlango wake. Siku hizi anajipeleka sokoni kuuza mboga.

Jumapili ya kwanza alikuja kanisani mwenyewe, bila kubebwa. Akafika mlangoni, akasimama. Kuna ngazi tatu pale. Nimezipanda miaka yote na sikuwahi kuziona.

Wapendwa, wale wanne walitoboa dari ya nyumba ya wenyewe. Sisi tutashindwa kumwaga simiti kwa ngazi tatu za nyumba yetu? Jumamosi hii saa tatu asubuhi, njoo na koleo. Dada mwenyewe ndiye atatuonyesha mteremko uwe wa kiasi gani.

Maswali ya ushirika:
- Ni nani mtaani kwetu anayekaa ndani kwa kukosa kifaa, na nani atakwenda kumuuliza?
- Wewe umeshika pembe gani?

Ombi: Bwana, utusamehe tulipotoa bila kusikiliza. Utupe mikono isiyoachilia. Amina.