MSAMAHA WA WAFUNGWA HAUUZWI

Ndugu mwanakisomo, somo letu leo linahusu ndugu zetu walioko gerezani. Linahusu pia ng'ombe wetu walioko zizini. Utaona kwa nini.

Tuseme kijana amefungwa miaka 3. Hiyo ni miezi 36. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inampa punguzo la theluthi moja akiwa na bidii na tabia njema. Gawa 36 kwa 3, unapata 12. Toa 12 katika 36. Atakaa miezi 24. Akiharibu huko ndani, anaweza kulipoteza punguzo hilo. Aliyefungwa maisha, hesabu hii haimhusu.

Upo pia msamaha wa Rais. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 45, inampa Rais uwezo wa kumsamehe mfungwa au kumpunguzia adhabu. Desemba 9, 2017, siku ya Uhuru, wafungwa 8,157 walipata msamaha. Lakini waliotoka siku ile ni 1,828 tu. Wengine 6,329 walipunguziwa muda. Basi ukisikia habari hiyo redioni, usikimbilie kuchinja kuku. Ulizia kwanza.

Mara nyingi msamaha huwakumbuka wazee wa miaka 70 na zaidi, wagonjwa wasio na tumaini la kupona, wajawazito na wenye watoto wachanga. Umri na ugonjwa huthibitishwa na waganga wa Serikali. Wafungwa wa makosa fulani mazito huachwa nje ya orodha.

Hapo ndipo tapeli anapopata mlango. Anakuja jioni: "Mama, jina la mwanao nitaliingiza mimi. Nipe laki tatu tu." Mama anauza ng'ombe. Siku ya Uhuru inafika, mwana hatoki, na maziwa nayo hakuna. Jamani! Msamaha hauna bei.

Tufanye nini? Nenda gerezani siku ya kutembelea wafungwa. Muulize mkuu wa gereza ndugu yako anatoka lini. Iandike tarehe hiyo. Kama ni mzee au mgonjwa sana, eleza ukweli. Na akirudi, mpokeeni. Mpeni jembe, msimpe majina.

MASWALI
1. Mtu kafungwa miaka 6. Akipata punguzo la theluthi, atakaa miezi mingapi?
2. Tapeli akija kijijini kwenu, mtamjibu nini?