Springi ya gobore la babu: iungwe au iachwe?

Swali: Gobore la marehemu babu yetu hapa Kyerwa limevunjika springi ya nyundo. Fundi wa kuchomelea anasema ataiunga. Nimwachie?

Jibu: Usimwachie, ndugu. Springi ya gobore ni ubapa wa feleji uliokunjwa, na nguvu yake haitokani na umbo peke yake bali na moto: hupashwa hadi iwe nyekundu, huzimwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa kipimo ili isikatike kama kioo. Moto wa kuchomelea huivuruga kazi hiyo yote, na kiungo kitakatika tena, pengine nyundo ikiwa imevutwa.

Utasema wahunzi wa mkoa wenu wa Kagera si wageni wa chuma. Ni kweli: mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha ushahidi kwamba feleji iliyeyushwa Buhaya, mkoani humo, karibu miaka 2,000 iliyopita. Basi mhunzi stadi anaweza kufua springi mpya. Lakini springi mpya haiponyi mtutu ambao huenda umeliwa na kutu; hukupa tu uwezo wa kufyatua kitu kinachoweza kukupasukia usoni. Isitoshe, hata silaha ya urithi haitoki nje ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Thamani ya gobore hili ni kumbukumbu, na kumbukumbu haihitaji kufyatuka. Funga vipande kwenye kitambaa kikavu, usitupe hata kimoja, na kabla ya yote toa taarifa kituo cha polisi.