Kunguru Katika Roshani

Wanafunzi wenzangu, kunguru wa shingo ya kijivu tunaowaona Dar es Salaam na Mombasa asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji. Lakini walizidi mno, wakawa adui wa vifaranga na wa mayai ya ndege wadogo.

Je, twaweza kuwazuiaje katika roshani? Wengi hutundika vibati vinavyong'aa. Kunguru huogopa siku chache tu; ana akili, na akiona kitu hakimdhuru hurudi. Basi yafaa kumwondolea kilichomleta.

Kwanza, funika pipa la taka, wala usiache makombo. Pili, usianike dagaa bila kuwafunika kwa wavu. Tatu, ukiweza, funga wavu imara toka ukingo wa roshani hata dari. Nne, ondoa vijiti mara aanzapo kujenga kiota, kabla hajataga. Akiwa na makinda huwashambulia wapitao.

Lakini roshani moja safi haitoshi ikiwa jalala la mtaa li wazi. Mgeni aliyealikwa kula taka haondoki mpaka taka ziondoke.