Somo la Biashara: Kumpata Muuzaji wa Jumla wa Vifaa vya Elektroniki

Mkazi wa kata anayeuza chaja, pawabenki, spika za masikioni na kava za simu kupitia WhatsApp au Instagram hana kabati la kioo wala mteja anayeingia mlangoni. Mtaji wake mkubwa ni neno lake. Mteja hulipa kwa simu, husubiri mzigo wa basi au wa bodaboda, na akikuta chaja haichaji humtafuta muuzaji huyo, si kiwanda. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye duka la jumla, hata kabla ya bei, ni hili: bidhaa ikiwa mbovu, nani ataipokea?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa vikundi vinavyofanya biashara kwa mikopo ya halmashauri itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini siku ya rejesho haingoji chaja mbovu zibadilishwe.

Tuchukue mfano wa kikundi kinachotaka chaja 60. Muuzaji wa kwanza anataka shilingi 6,000 kwa kila moja na hapokei kilichoharibika. Wa pili anataka 7,000, ila hubadilisha chaja mbovu ndani ya wiki mbili. Usafiri ni shilingi 20,000 kwa kila mzigo. Kwa muuzaji wa kwanza kikundi kinatoa shilingi 380,000. Ikiwa chaja 12 hazifanyi kazi, zinabaki 48 za kuuza, na kila moja imegharimu takribani shilingi 7,917. Kwa wa pili kinatoa 440,000, na mbovu zikibadilishwa zote 60 zinauzika, kila moja kwa gharama ya takribani 7,333. Bei ya chini imekuwa ghali, na hapo hazijahesabiwa nauli za kurudishiana mizigo na wateja, wala wateja waliokwenda zao kimya kimya.

Kwa wafanyabiashara wengi wa Tanzania Bara safari huanzia Kariakoo, Dar es Salaam, hususan Mtaa wa Aggrey na mitaa jirani yenye maduka ya simu na vifaa vyake. Mgeni hupokewa kwanza na winga, kijana asiye na duka ambaye huchukua bidhaa kwenye maduka ya wengine na kuongeza chake juu. Winga si mwizi. Anaijua mitaa na huokoa muda. Udhaifu wake ni kwamba hana rafu ya kurudishia kitu. Anayemtumia aombe apelekwe dukani penyewe, alipie hapo na apewe risiti yenye jina la duka. Winga apewe ujira wake kando, waziwazi.

Kuna pia orodha za “machimbo” zinazouzwa mitandaoni, zenye namba za simu za wanaodaiwa kuuza kwa bei ya kutupa. Mwenye orodha hupata faida yake pale pale anapoiuza, iwe namba hizo zinafaa au hazifai. Ni bora fedha hiyo iwe nauli ya kwenda kuyaona maduka matatu kwa macho.

Muuzaji wa jumla anayeaminika hatambuliwi kwa ukubwa wa bango. Jina la kampuni yake linaweza kutafutwa katika mfumo wa usajili wa BRELA. Hutoa risiti ya mashine ya kielektroniki, ambayo uhalali wake unaweza kuhakikiwa kwa TRA kwa kutumia namba iliyochapwa juu yake. Risiti hiyo ni kumbukumbu ya kodi na ni ushahidi siku ya mgogoro. Masharti ya kubadilisha bidhaa yaandikwe, hata kama ni mistari miwili nyuma ya nakala ya risiti: siku ngapi, kwa kasoro gani, na nani atalipa nauli ya kurudisha.

Kisha bidhaa zijaribiwe. Oda ya kwanza iwe ndogo, vipande vitano au kumi, na ya pili iwe ndogo vilevile baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa wapo wauzaji ambao mzigo wao wa kwanza ni mzuri na wa pili ni mwingine kabisa. Pawabenki zinahitaji jicho kali zaidi. Betri zake zina uzito usioweza kufichwa: pawabenki ya kweli ya mAh 10,000 huwa na uzito wa takribani gramu 200. Iliyoandikwa 30,000 na yenye uzito huohuo imeandikwa uongo. Hata iliyo halali haitoi kiasi chote kilichoandikwa, kwani umeme hubadilishwa kutoka volti 3.7 za betri hadi volti 5 na sehemu nyingine hupotea kama joto. Ya 10,000 hutoa takribani 6,000 hadi 6,500. Muuzaji anayemweleza mteja jambo hili mapema hupunguza malalamiko. Flashi na memori kadi nazo huandikwa ukubwa zisizokuwa nao. Dawa yake ni kuijaza moja kwa mafaili hadi mwisho, kisha kuyafungua yale ya mwisho kuona kama yanasomeka.

Wapo wanaotamani kuvuka hadi China, na tamaa hiyo si ya ajabu, kwani sehemu kubwa ya vifaa hivi hutoka huko na soko la Huaqiangbei mjini Shenzhen ni miongoni mwa masoko makubwa ya elektroniki duniani. Ila duka lenye mtaji wa shilingi laki chache halina haja ya haraka. Katika majukwaa kama Alibaba, wengi wanaojiita kiwanda ni madalali. Muuzaji aombwe leseni yake ya biashara, na jina lililo kwenye leseni lilingane na jina la akaunti ya benki inayopokea fedha. Akisema malipo yapitie nje ya jukwaa ili bei ishuke, mnunuzi ajue kwamba ulinzi wa malipo hubaki ndani ya jukwaa.

Usafirishaji nao una hesabu yake. Kampuni za kukusanya mizigo ya wafanyabiashara wadogo hutoza kwa mita ya ujazo melini na kwa kilo kwenye ndege. Katika ndege, boksi jepesi lakini kubwa hutozwa kwa ukubwa wake: boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40, kwa kanuni ya kugawa ujazo kwa 6,000, huhesabiwa kuwa kilo 20, hata kama kava zilizomo zina kilo 12 tu. Mizigo yenye betri hupangiwa masharti na bei tofauti, hivyo wakala aulizwe kabla pawabenki hazijanunuliwa. Kwa mzigo wa melini, ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na usafiri. Na kwa kuwa hakuna atakayerudisha chaja moja Shenzhen, mapatano ya busara ni muuzaji kuongeza vipande kadhaa vya akiba katika kila mia, au kufidia vibovu katika oda inayofuata.

Bidhaa bandia zenye majina ya kampuni maarufu ni hatari ya namna nyingine. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kuzikamata na kuziteketeza, na anayepoteza mzigo ni yule aliyekutwa nao. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016. Hadi leo anayenunua simu kwa jumla anapaswa kubonyeza *#06# kwenye kila moja na kulinganisha namba ya IMEI inayotokea na iliyo kwenye boksi.

Duka la mtandaoni linahitaji namba ya mlipakodi na leseni ya biashara kama duka la mtaani. Maombi ya leseni hufanyika kupitia mfumo wa TAUSI, na asiye na simu janja au asiyeuelewa mfumo huo anaweza kusaidiwa na Afisa Biashara wa halmashauri. Vikundi vinavyoandaa maombi ya mkopo vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, vikiwa na ankara kifani kutoka kwa wauzaji wa jumla wasiopungua wawili na masharti ya kubadilisha bidhaa yakiwa yameandikwa humo.