Kupimwa Bure, Kuibiwa Wiki

Msomaji wetu anayeishi Florida ameandika. Hedhi ilichelewa, akatafuta kwenye simu mahali pa kutoa mimba, akafika kituo ambacho wahudumu wake walivaa sare za wauguzi. Alipimwa bure, akaambiwa ni mapema mno, arudi wiki ijayo kwa altrasaundi. Aliporudi alioneshwa picha, akaombewa, akapewa pampasi. Kufika kliniki yenyewe, muda wa kisheria ulikuwa umepita. Anauliza: naweza kuwashtaki?

Nitakujibu, dada, ila kwanza tufanye hesabu, maana mtego umo humo. Tangu Mei 1, 2024, Florida hairuhusu kutoa mimba ikizidi wiki sita, isipokuwa kwa sababu chache. Wiki hizo huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mwenye mzunguko wa siku 28, akigundua kwamba hajaona siku zake, wiki nne zimeshakwenda. Zimebaki mbili, na ndani yake sheria inamtaka aonane na daktari ana kwa ana, kisha asubiri saa 24 ndipo ahudumiwe. Anayemwambia "usiwe na haraka, njoo wiki ijayo" amemnyang'anya nusu ya muda aliobakiwa nao.

Marekani ina vituo hivi vya kupinga utoaji mimba zaidi ya 2,500. Vingi hukaa jirani na kliniki za kutoa mimba, vikajipa majina yanayokaribiana na ya kliniki hizo. Kupinga utoaji mimba ni haki ya kila mtu, na kumpa mzazi maskini pampasi ni wema. Kinachonikera ni kumwita mwanamke kwa tangazo la huduma ambayo hukusudii kumpa kamwe.

Basi kabla ya kwenda, piga simu uulize: mnatoa mimba hapo, au mnaelekeza kwa wanaotoa? Kituo kina leseni ya matibabu? Atakayenipima ni nani? Wakikwepa, wakisema njoo kwanza tuzungumze, kata simu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia wametengeneza ramani ya vituo hivi kwenye intaneti, itazame.

Fomu nayo usiijaze harakaharaka. Wengi hudhani ile sheria ya siri za mgonjwa, HIPAA, inawalinda popote penye kitanda na mashine. Kwa kawaida inambana mtoa huduma anayedai malipo ya bima kwa njia ya kielektroniki. Kituo kisichodai bima mara nyingi hakibanwi, na namba yako, anwani yako na tarehe ya hedhi yako vinabaki mikononi mwake.

California ilijaribu kuvibana vituo hivi. Sheria yake ya 2015 ilitaka kituo kisicho na leseni kibandike tangazo kusema hivyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji watano dhidi ya wanne, iliona sheria hiyo inaelekea kuvunja uhuru wa kusema. Uhuru wa nani? Mwanamke aliyevuliwa nguo na mtu asiye na leseni hakutajiwa uhuru wake. Hata hivyo, mwaka huohuo mahakama hiyo ilikataa kusikiliza rufaa dhidi ya sheria ndogo ya San Francisco ya 2011, inayokataza vituo kutangaza uongo. Wanaharakati walipaona penye upenyo: badala ya kukilazimisha kituo kujieleza, kipige marufuku kudanganya. Connecticut ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2021.

Florida imekwenda kinyume. Sheria ileile iliyoweka kikomo cha wiki sita, iliyopitishwa 2023, ilitenga dola milioni 25 kwa mtandao wa vituo vya aina hii. Huenda kodi yako ndiyo iliyolipia hiyo wiki uliyopotezewa.

Kushtaki kutakuwa kugumu: hukulipa senti, na wakili atapata shida kuthibitisha hasara. Lakini kama aliyekupima ni muuguzi mwenye leseni, lalamikia leseni yake Idara ya Afya ya jimbo. Piga picha tangazo lililokuleta kabla hawajalibadilisha, ulipeleke ofisi ya mwanasheria mkuu, kitengo cha kulinda watumiaji, hata kama humtarajii asimame upande wako. Malalamiko yaliyoandikwa ndiyo ushahidi wa kesi zijazo. Na kama bado unaihitaji huduma, kusafiri kwenda jimbo linaloiruhusu, kama Virginia, si kosa. Piga simu kliniki ya huko leo, uombe mkalimani wa Kiswahili.